Kichupa cha Jenipha

Pilau ya msiba wa Dokta Mbwambo ilikuwa na mafuta mengi mno. Najua si adabu kuanza hivyo, lakini hilo ndilo ninalolikumbuka kwanza. Nilikuwa nimekaa chini ya turubai mjini Kibondo, sahani ya plastiki magotini, mafuta yameanza kuganda ukingoni mwa sahani, na mshereheshaji anawapokeza watu kipaza sauti, mmoja baada ya mwingine, waje waseme jinsi marehemu alivyokuwa jembe. Kila aliyesimama alimwita jembe. Mmoja akapandisha sauti akasema, "Miaka yote niliyofanya naye kazi, huyu mtu sikumwona akikosea mgonjwa," na watu wakaguna kwa kukubali, wengine midomo imejaa wali. Nikaweka kijiko chini. Mimi nilimwona akikosea mgonjwa. Nilikuwa nimesimama karibu naye kiasi cha kusikia tumbo lake likinguruma kwa njaa, na nilijua kilichomkosesha, kwa sababu kosa lenyewe lilikuwa langu na yeye alilifunika tu.

Nilikozaliwa na nani alinilea si habari ya sura hii. Inatosha kusema kwamba nilitoka Tanga, nilikuwa na miaka ishirini na tatu, nimemaliza chuo cha maabara, na barua ya ajira ikanitupa Kasulu mwanzoni mwa mwaka 2013, kwenye hospitali ndogo ambayo jina lake nitaliacha. Nilikuwa mtu wa kinyaa. Siyo kinyaa cha maringo, ni ugonjwa kabisa. Nilipewa chumba kimoja na Editha, muuguzi kutoka Njombe, kwenye nyumba ya watumishi yenye bafu la nje, na nyuma ya ukuta wetu jirani alikuwa analoweka mihogo kwenye mapipa hadi inachacha. Harufu ile ililala na sisi. Asubuhi nikiamka imo kwenye mto, imo kwenye hijabu yangu, imo hata kwenye chai. Mchana kantini ya hospitali walipika ugali wa muhogo huo huo, ulionata vidoleni, na mgebuka, samaki wa ziwani aliyesafiri siku ambazo hakuna aliyetaka kuzihesabu, akielea kwenye mawese mekundu. Editha alikula akalamba vidole. Mimi nilinawa kabla, nikanawa katikati, nikanawa baada. Haikupita wiki mbili hospitali nzima ikawa inaniita Madam Sabuni, hata mlinzi wa getini.

Utauliza mtu wa kinyaa alifuata nini maabara, mahali pa makohozi na vinyesi. Nami nimejiuliza sana. Nadhani niliipenda maabara kwa sababu uchafu wa watu unafika pale ukiwa tayari kwenye kichupa, una kifuniko na jina. Mgonjwa yuko mbali, hakugusi. Shida ya Kasulu ilikuwa kwamba watu hatukutosha, kwa hiyo sisi wa maabara ndio tulioingia wodini kutoa damu, kisha tukarudi nayo. Mkuu wangu alikuwa Mzee Ndabaniwe, Muha wa Rungwe Mpya, mtu wa taratibu ambaye alipiga makofi mepesi na kusalimia "Mwakeye" hadi kwa watoto wachanga. Funguo zote za maabara zilikaa kiunoni mwake, na hakuna kifaa kilichotoka nje ya mlango ule. Kifaa kilichokwenda wodini, alisema, hurudi kimevunjika au hakirudi. Maabara yenyewe ilikuwa chumba kimoja: meza ndefu, darubini mbili, friji ya damu, na chini ya dirisha jiko la kuchemshia vifaa, ambalo liliwaka asubuhi yote na kuifanya kona ile iwe na joto muda wote.

Dokta Mbwambo alikuwa ametutangulia mwaka mmoja. Mpare, mrefu, mwenye kupenda kufundisha hata pale ambapo hajaombwa. Wageni fulani waliopita walimwachia kimashine cha kupima lakteti, ule uchachu ambao seli hutema kwenye damu, kidogo, kinaenea kiganjani, pamoja na vitepe vyake vichache vya kudondoshea damu, na yeye akakipenda kuliko stethoskopu. Mzee Ndabaniwe alikipokea, akakifungia kabatini kama vingine. Siku moja mezani kantini, nikiwa nachokoachokoa ugali wangu, Dokta akaamua kunieleza kile ninachokipima. "Sikiliza, binti wa Tanga," akasema, na huku anamega tonge. "Seli ina ukuta laini, na ukuta una milango. Kuna mlango ambao kazi yake ni kupitisha lakteti. Lakini lakteti haipiti pekee, inashikana mkono na chembe moja ya asidi, wanapita wawili wawili. Na mlango wenyewe hauchagui upande. Kulikojaa ndiko wanakotoka, kulikopungua ndiko wanakoingia. Haya, mtu akipanda kilima anakimbia, misuli ya miguu inatema lakteti kwenye damu. Inakwenda wapi?"

"Inatoka na mkojo," nikasema. Nilitaka tu anyamaze nile.

"Inaliwa! Moyo unaichukua unaichoma, unapata nguvu. Ini linaichukua linairudisha kuwa sukari. Hata ubongo unajichotea. Watu wanaiita taka. Siyo taka."

"Kwa hiyo moyo unakula makombo ya miguu?" nikauliza, na nilikunja uso kweli kweli. Editha alicheka hadi mgebuka ukampalia. Dokta naye akacheka, akasema mwilini hakuna makombo, kila mmoja anakula kilichotoka kwa jirani, na mimi nikiendelea na kinyaa changu nitakufa njaa kabla ya seli zangu. Kisha akaacha kucheka. Alisema chembe nyekundu za damu hazina tanuri la kuchomea chochote. Zinachachusha sukari tu, na lakteti yote lazima iende nje, mchana na usiku. Kijidudu cha malaria kikiingia ndani yake kinakula sukari kwa pupa na kinatema kupitia mlango wake wenyewe. Damu ya mtoto ikipungua, hewa haifiki mwilini, misuli nayo inatema, ini limeelemewa halipokei tena, basi asidi inajaa. Mtoto anaanza kuhema kwa kina, kifua kinapanda na kushuka, anajaribu kuitoa kwa pumzi. Ukimwona unadhani ni nimonia. Hata saratani, alisema, hutumia milango ya namna hiyo, inawatemea majirani zake asidi hadi wanyong'onyee ipate nafasi ya kukua. Hapo nikasukuma sahani mbele. Nilikuwa nimeshiba.

Jambo la mwisho alilosema siku ile ndilo lenye uzito, na sina kisingizio kwamba sikulisikia. Alinyoosha kidole chenye ugali akaniambia: "Damu ukishaitia kwenye kichupa, zile chembe hazijui kwamba zimetolewa mwilini. Zinaendelea kula na kutema. Na humo ndani hakuna moyo wala ini la kupokea. Ikikaa, namba inapanda. Pima papo hapo, au usipime kabisa." Nikaitikia ndiyo Dokta. Nilirudi maabara nikaliandika kwenye daftari langu, kwa mwandiko mzuri, nikapiga mstari chini yake.

Ilikuwa mwezi wa tatu, masika yamekolea, barabara ya Kibondo imekuwa tope tupu, wodi ya watoto wamelala wawili wawili kitandani kwa malaria. Siku hiyo Mzee Ndabaniwe alikuwa ameomba ruhusa kwenda kuzika kwao, akaniachia funguo. Dokta aliingia chumba cha upasuaji tangu saa mbili na mama aliyeshindwa kujifungua. Saa mbili na nusu Editha akaniita wodini. Alikuwepo mtoto wa kike wa miaka minne, Jenipha, ametoka Nyakitonto na mama yake kwa pikipiki, amepauka viganja na midomo, anahema. Nikafunga mpira mkononi, nikapata mshipa mara ya kwanza, nikajaza kichupa. Nilipokuwa nachomoa sindano mtoto akageuza shingo akanitapikia. Siyo kidogo. Uji wa muhogo uliochacha, na ndani yake majani ya dawa ya kienyeji aliyonyweshwa nyumbani, ukaingia kwenye mkono wa koti, ukashuka kifuani, ukalowesha hijabu hadi nikausikia shingoni una uvuguvugu. Mama yake akapiga magoti sakafuni anapangusa viatu vyangu kwa khanga yake. "Nisamehe dokta, nisamehe, mwana wanje, mwanangu, hakukusudia."

Nilitoka mbio, nikapita maabara, nikachomeka kichupa kwenye kibao cha vichupa pale dirishani karibu na jiko, nikafunga mlango kwa ufunguo, nikaenda nyumbani. Ningeweza kupima kwanza. Kazi yenyewe ni tone moja na kusubiri muda mfupi kuliko wa kufunga kamba za viatu. Lakini nilikuwa nasikia ule uji shingoni, na nilihisi kwamba nikikaa dakika moja zaidi ngozi yangu itaungana nao. Nilichota maji kisimani ndoo mbili. Nikaoga. Nikajinusa, nikaoga tena. Nikafua koti na hijabu kwa sabuni ya kipande hadi vidole vikakunjamana, nikachemsha maji nikafua tena. Kisha nikapika chai, nikakaa kitandani nikainywa polepole, mlango wazi, nikitazama nguo zangu kwenye kamba chini ya upenu. Hilo la chai ndilo linalonichukiza kuliko yote. Kuhusu kuoga naweza kujitetea mbele yako. Chai siwezi.

Niliporudi ilikuwa karibu saa sita. Mlangoni mwa maabara nilimkuta mwanamke ameketi sakafuni na mtoto mapajani, mtoto wa kike wa miaka miwili hivi, kifua kinakwenda kama kinavutwa na kamba. Mama alikuwa Mkongomani, ameletwa na gari kutoka kambi ya Nyarugusu kwa sababu kule damu ya kuongeza ilikuwa imekwisha. "Madame, miye niko hapa tangu saa tatu," akaniambia, bila hasira. "Walisema njo weye, ni weye unapimaka damu. Mtoto yangu anapumua mubaya sana. Anaitwa Debora." Nikamwambia pole mama, nilikuwa na kazi nyingine. Nikamtoa Debora damu pale pale, nikaingia ndani, nikapima. Lakteti yake ikasoma saba. Ndipo nikachukua kichupa cha Jenipha kutoka dirishani, kilikuwa na joto mkononi, nikakipima. Tisa. Kwenye fomu kuna mahali pa kuandika saa ya kutoa damu. Kwa Debora nikaandika saa sita kasorobo. Kwa Jenipha, kalamu ikasimama, nikasikia mtu anagonga mlango akitaka majibu, nikaandika saa sita kasorobo.

Dokta alikuwa ametoka upasuaji na kofia bado kichwani, hajala tangu asubuhi. Friji yetu ilikuwa na mfuko mmoja tu wa kundi O, ule mdogo wa watoto, wa kumtosha mgonjwa mmoja. Watoto wote wawili walikuwa O. Mimi mwenyewe ni B, Dokta ni A. Editha alikuwa ametoa damu wiki tatu nyuma, na mama zao wote wawili nilikuwa nimeshawapima, kundi halikulingana. Gari lilikuwa limeshatumwa Kibondo kufuata mfuko mwingine, lakini kwa tope lile kila mtu alijua litakavyokwenda. Kwa hiyo pale katikati ya vitanda viwili ilikuwa ni nani apate sasa na nani angoje. Dokta alimtazama Debora kwa muda mrefu. "Huyu wa Nyarugusu naona ndiye anayehema vibaya zaidi," akasema, kama anajisemea. Akasoma fomu. Akarudia kusoma. Akaniangalia. "Mwanaidi, hii tisa ya Jenipha, una uhakika nayo?"

"Nina uhakika, Dokta."

"Damu yake imetolewa sasa hivi?"

Nilikuwa nanukia sabuni. Nilikuwa nimevaa hijabu nyingine. Editha, ambaye aliniona natapikiwa asubuhi, alikuwa ameenda kuchukua seti ya dripu. "Ndiyo, Dokta. Sasa hivi," nikasema. Akashusha pumzi, akasema basi namba zimesema, anzeni na Jenipha. Nilitundika ule mfuko kwa mikono yangu mwenyewe. Upande wa pili Mama Debora alitazama damu ikishuka kwenye mpira kwenda kwa mtoto wa mwenzake. Alikuwa anamfuta mwanawe midomo kwa ncha ya kitenge, anamwambia maneno ya kwao kwa sauti ndogo. Tulimpa Debora maji, tukampa hewa kutoka kwenye mtungi, tukamchoma dawa ya malaria. Alikufa saa tisa alasiri. Gari la Kibondo liliingia getini na damu saa kumi kasorobo, limegandwa na matope hadi madirishani, na dereva akashuka anatabasamu kwa kuwa amewahi.

Mzee Ndabaniwe alirudi toka mazikoni jioni hiyo kabla jua halijazama, akanikuta nimekaa maabara sijawasha hata redio yake. Nilimweleza yote. Hakunikaripia. Alitafuta kwenye kibao akachomoa kichupa cha Debora, nilichokuwa nimekiacha pale pale dirishani tangu saa sita bila kufikiri. Akafungua kabati akahesabu vitepe, vilikuwa vimebaki vitatu, akachukua kimoja. Tukasimama wote wawili juu ya kimashine. Kikasoma kumi na moja. Mtoto alikuwa kwenye chumba cha pembeni, amefunikwa kitenge cha mama yake, na damu yake humu kwetu ilikuwa ingali inakula sukari na kutema, inafungua milango na kufunga. Nilikimbilia sinki. Sikutapika chakula, kwa kuwa sikuwa na chakula, nilitapika chai. Mzee akangoja nimalize, kisha akasema taratibu, "Kwa hiyo saba imekuwa kumi na moja. Ile tisa ya asubuhi, jiko likiwaka, nayo ilitoka wapi, mwanangu? Kwenye tano? Kwenye sita? Twende kwa Dokta."

Dokta alikuwa ofisini kwake anakula karanga kutoka kwenye gazeti. Alinisikiliza bila kuacha kutafuna, na mimi nikawa natazama maganda mekundu yaliyomng'ang'ania mdomoni. Nilipomaliza alikunja lile gazeti vizuri sana. "Nani mwingine anajua?" akauliza. Mzee akasema ni sisi watatu. Dokta akajifuta mdomo, akasema: "Macho yangu yaliniambia yule. Nikayaacha nikafuata karatasi." Nilidhani sasa atanifokea, na nilitamani anifokee, nilitamani anishike mkono anipeleke kwa yule mama. Badala yake akaniambia, kwa upole kabisa, "Mtoto mmoja amepona, Mwanaidi. Unataka nimwendee mama wa Nyakitonto nimwambie mwanawe hakustahili? Halafu wewe uende wapi? Na hospitali hii ifungwe? Nenda kapumzike." Akamgeukia Mzee, akamwambia kuanzia kesho kile kimashine kinakaa wodini, pembeni ya kitanda, na vitepe vingine ataviagiza, na Mzee ambaye hakuwahi kuruhusu hata kalamu itoke akasema sawa. Yaani kumbe ilikuwa rahisi kiasi hicho.

Nilipokuwa napita ukumbini kwenda nje nilisikia sauti yake kwenye chumba cha pembeni, mlango haukufungwa vizuri. Alikuwa anazungumza na Mama Debora, ambaye alikuwa anangoja gari la kumrudisha kambini na maiti ya mwanawe. "Mama, tulimpima," alikuwa anasema. "Kile kipimo cha asidi ya mwilini, chake kilikuwa kidogo. Saba tu. Maana yake mwili wake haukupata mateso makubwa. Alikwenda kwa amani." Kisha nikasikia yule mama anauliza, "Saba?" na Dokta anajibu, "Saba." Nimesikia uongo mwingi maishani, na mwingine nimeusema mwenyewe, lakini sijasikia mwingine laini namna ile. Nilimchukia. Nilirudi chumbani harufu ya mihogo ikanipokea, na kwa mara ya kwanza sikuoga.

Juma lililofuata Jenipha aliruhusiwa. Mama yake alikuja maabara amembeba mgongoni, akasimama mlangoni akapiga makofi yale mepesi, akainama, akaweka mezani kikapu cha maharage na chupa ya mawese iliyozibwa kwa karatasi ya nailoni. "Dokta Editha ameniambia ni wewe uliyepima ukaona mwanangu ndiye mwenye hali mbaya," akasema. "Mungu akuzidishie macho hayo." Mtoto alinitazama juu ya bega la mama yake, mashavu yameanza kurudi. Nilifurahi kumwona hai, lakini sikuweza kuitenga furaha ile na kitenge kilichomfunika Debora. Nikasema asante. Editha aliyapika maharage siku tatu mfululizo na yale mawese, akashangaa mbona sili. "Zawadi ya mgonjwa nayo unaionea kinyaa?" akaniuliza, na hapo tu ndipo alipokosea, kwani siku hiyo sikuwa nakionea kinyaa chakula.

Nilikaa Kasulu hadi mwisho wa mwaka ule. Nilikuwa mfanyakazi bora, waulize. Nilitoa damu nikatapikiwa, nikakojolewa, nikasimama pale pale hadi namba itokee, ndipo nikaenda kunawa. Dokta Mbwambo naye alibadilika, alianza kumtazama mgonjwa kwanza na karatasi baadaye, na sina shaka watoto wengi wanaishi kwa ajili ya hilo. Wale waliomwita jembe pale Kibondo, kituo chake cha mwisho, hawakusema uongo. Hatukulizungumza tena jambo lile, mimi na yeye, hata mara moja. Tulikula meza moja miezi tisa, tukataniana, akanisindikiza kwenye basi siku ya kuondoka kwangu akanibebea begi. Nilimwona mara chache baada ya hapo na kila mara nilipompa mkono nilikumbuka maganda ya karanga. Nimejaribu kuwa mkweli na nafsi yangu: kilichonichukiza kwake ni kwamba alinipa nilichokitaka.

Sasa pale msibani, watu wakiwa bado wanapokezana kipaza sauti, mwanamke mmoja alikuja akaketi kwenye kiti cha pembeni yangu na sahani yake. Mtu mzima, amevaa kitenge kipya, nywele zimeanza mvi. Alinitazama upande. "Weye njo ule wa laboratwari ya Kasulu," akasema. Sikumtambua hadi aliposema Debora. Alikuwa bado kambini, aliniambia, miaka yote hii, anauza vitenge na mafuta ya kupaka, ana watoto wengine wanne. Alisikia Dokta amefariki akaomba kibali cha kutoka kambini aje, kwa kuwa Dokta alisema naye vizuri siku ile. Wengine wote walimwambia pole tu. Yeye alimpa namba.

"Ile namba iliniwekaka roho chini," akasema. "Wadogo zake wananiuliza, mama, Debora aliumia sana? Mi nawaambia hapana, walimupima na mashini, ilikuwa kidogo. Ningejua ilikuwa mingi, hakika ningekuwa nalia mpaka leo." Akasogeza kiti karibu. "Lakini Dokta amekufa, na miye ninazeeka, nikasema niulize ule alipima mwenyewe. Ilikuwa saba, madame? Ao nilisikia vibaya?"

"Ilikuwa saba," nikasema. Na ilikuwa kweli. Ile saba ndiyo namba pekee ya kweli niliyoitoa siku ile.

"Na saba ni kidogo?"

Kipaza sauti kilikuwa kimezimika, mtu anakipigapiga kwa kiganja. Nilikuwa na nafasi ya kumwambia yote: dirisha, jiko, ndoo mbili za maji, chai. Alikuwa ameinamisha kichwa anangoja, na mkono wake ulikuwa umesimama juu ya sahani.

"Ni kidogo, mama," nikasema.

Akashusha pumzi. Akamega pilau, akaanza kula, na akaniambia na mimi nile, chakula kitapoa. Saba si kidogo. Nina miaka tisa sasa nawafundisha wanafunzi wa maabara kwamba kwa mtoto, saba si kidogo.